Fundi kwanza, chuo baadaye: mwongozo kamili wa kuingia ufundi ukiwa bado shule, hapa Lamu

Mimi kazi yangu ni saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa Langoni, na kila matokeo ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa fomu foo, yakitoka naona yaleyale. Kijana aja na mamake, wameshalipa "rejistresheni" kwa namba ya simu ya mtu, wataka tu niwatolee barua. Au aja wa pili, huyu amekaa kwa fundi wa boti muda mrefu, kazi aijua kweli kweli lakini karatasi hana hata moja, sasa kampuni kule bandarini Kililana inataka setifiketi. Wa tatu amechagua kozi manake rafiki yake amechagua, hajawahi kushika spana maishani, na muhula wa pili ataiwacha.

Haya yote dawa yake ni moja, mpangilio. Watu waanza na chuo. Anza na fundi, likizo, ukiwa bado una yunifomu, halafu chuo, halafu mtihani wa serikali. Ukifuata hivyo pesa ya mzazi haipotei, na hata ikipotea itakuwa ni nauli ya boti tu.

Mwongozo huu ni wa walio fomu thrii na fomu foo, na hawa wa gredi ya 10 walioanza senia skuli Januari 2026. Mzazi pia asome.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kopi kama tano za cheti cha kuzaliwa. Orijino iwache nyumbani, usimpe mtu yeyote aiweke "kwa faili".
- Rizalti slipu na indeksi namba yako ukiwa umemaliza. Kama bado, ripoti fomu ya mwisho.
- Kitambulisho ukiwa umefika miaka 18. Ukifika tu kaombe, usingoje mpaka ukihitaji.
- Imeli yako mwenyewe, na paswadi umeiandika mahali. Si ya binamu, si ya saiba. Nusu ya foleni yangu ni watu waliosahau paswadi.
- Simu yenye kamera, hata ya mtu nyumbani.
- Daftari moja la kava ngumu.
- Viatu vya kufunika vidole. Najua sisi ni watu wa ndara, lakini patasi ikianguka haiulizi wewe ni wa wapi.
- Mzazi au mlezi atakayekwenda na wewe siku moja tu, ile siku ya kuandikiana.

## Hatua ya 1: Angalia kazi gani iko, na iko mwezi gani

Usiulize "kozi gani iko soko". Hilo swali halina jibu. Tembea. Kaa mbele ya forodha asubuhi moja uhesabu ni vitu gani vinaharibika na nani anaitwa.

Utaona injini za boti, hizo hazilali. Utaona nyumba za mawe za Mkomani na Shela zinazotaka mtu wa chokaa anayejua kazi ya zamani, manake mji wa kale uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001 na si kila fundi wa simiti anaweza kushika ukuta wa matumbawe. Utaona sola juu ya mapaa, mafriji ya samaki, vyerehani, milango ya nakshi, hoteli. Ukienda Matondoni utaona majahazi bado yajengwa ufuoni. Na ng'ambo, Mokowe na Hindi mpaka Mpeketoni, kuna pikipiki, trekta, kuchomea vyuma, na barabara na bandari zimeleta madereva wa mitambo.

Sasa hapa ndipo wengi hukosea, msimu. Hoteli nyingi hufunga au hubaki na watu wachache masika yakipiga, Mei na Juni, kwa hivyo ukiomba nafasi ya jikoni wakati huo utaambiwa hakuna kazi na utadhani umekataliwa wewe. Nenda Novemba na Desemba, watalii wako. Boti ni kinyume chake, kusi ikivuma na bahari ikichafuka wenye vyombo huvipandisha ufuoni kuvirekebisha, kwa hivyo likizo ya Aprili na ya Agosti ndio wakati wa kujifunza chombo na injini.

Ukimaliza hatua hii uwe na kazi mbili kwa daftari, na kwa kila moja jina la mtu unayeweza kwenda kumwona kwa miguu. Kama huna jina bado hujamaliza.

## Hatua ya 2: Nenda kwa fundi, likizo moja kwa kila kazi

Usiende na barua. Nenda asubuhi mapema kabla hajashika kazi, au alasiri akipumzika, si saa nne jua kali mikono imejaa grisi. Msalimie vizuri, ujitambulishe kwa wazee wako kwanza, manake hapa mtu anajulikana kwa nyumba.

"Assalam aleikum ami. Mimi mtoto wa fulani, wa Gardeni. Niko fomu thrii. Naomba nije nikae hapa likizo hii nijifunze, sitaki mshahara."

Atakuuliza, "Mamako ajua?" Jibu liwe ndio, na liwe kweli.

Wiki ya kwanza utafagia, utabeba, utatumwa chai. Usinune. Fundi anaangalia kama unakuja kwa wakati na kama unarudisha chombo mahali pake. Baada ya hapo ndio utapewa kitu cha kushika.

Nikupe mfano wa injini ya boti, ujue kujifunza kunafanana vipi. Kila injini inapowashwa kuna kamfereji ka maji kanatoka nyuma. Yale maji ni ya bahari, yanavutwa na gurudumu dogo la mpira liitwalo impela, yanapita ndani kupoza injini kisha yanatoka. Kamfereji kakikatika, zima injini saa hiyohiyo, manake inachemka. Mwanagenzi mzuri ndani ya wiki chache anajua kuangalia hilo bila kuambiwa, anajua injini ikitoka baharini inaoshwa ndani kwa maji matamu ili chumvi isigande, na akifungua sehemu ya chini kubadilisha impela anapanga bolti kwa kopo kwa mpangilio alivyozitoa. Yule ambaye hatajifunza utamwona anazimwaga bolti zote mchangani kisha anauliza hii ya wapi.

Kwa jahazi ni kalafati. Utapewa pamba iliyotiwa mafuta uisokote iwe kamba, kisha uipigilie katikati ya mbao na patasi butu na nyundo, usogee taratibu. Ukipiga kidogo maji yataingia, ukipiga sana unafungua mbao. Fundi anasikiza mlio, ndio maana anaweza kukukaripia akiwa amekupa mgongo.

Chunga sana hapa. Sheria ya kazi ya 2007 hairuhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kuendesha mashine za kiwandani isipokuwa awe na mkataba wa uanagenzi uliofanywa kwa sheria ya mafunzo ya viwanda. Na mtoto yeyote chini ya 18 haajiriwi kiwandani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa hivyo ukiwa na miaka 15 na fundi seremala akikuambia ushike msumeno wa stima, mwambie kwa adabu, "Ami, hii nikuangalie kwanza." Shika randa, shika msasa, shika patasi. Na usipande boti ya majaribio bila jaketi la kujiokolea hata kama wewe ni samaki.

Wasichana. Mama wengi huniuliza kwa sauti ya chini kama msichana anaweza kwenda gereji. Anaweza. Sola, stima, kutengeneza simu na mafriji ni kazi zinazofanyika ndani ya majumba ambapo fundi wa kike anakaribishwa haraka kuliko mwanamume, na hilo kwa mji kama huu ni biashara tayari. Lakini chagua karakana iliyo wazi kwa njia, yenye watu zaidi ya mmoja, na mzazi apite pite bila kusema atapita siku gani.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa mdomo wako kitu kimoja unachokipenda kwa kazi hiyo na kimoja unachokichukia. Ukikosa cha kuchukia bado hujafanya kazi, umekaa tu.

## Hatua ya 3: Andikianeni

Kama kazi umeipenda na fundi amekukubali kwa muda mrefu, yaani zaidi ya likizo, hapa ndipo mzazi anakuja. Watu wanaona aibu, wanasema "si huyu ni ndugu yetu". Haswa kwa sababu ni ndugu yenu andikeni, ili msije mkagombana.

Ukurasa mmoja unatosha:

*Mimi (jina), fundi wa (kazi), hapa (mahali), nimekubali kumfunza (jina), mwenye miaka (idadi), kuanzia tarehe (…) hadi (…). Siku za kazi ni (…), saa (…) hadi (…). Atafunzwa haya: (andika moja moja). Nauli na chakula ni juu ya (…). Akianza kuleta faida atapewa shilingi (…) kwa wiki. Akiumia kazini, matibabu ni juu ya (…). Akimaliza nitampa barua ya kuonyesha kazi alizofanya na muda aliokaa.*

Saini ya fundi, ya mwanafunzi, ya mzazi, na shahidi mmoja. Kopi mbili.

Hapo kwa "akiumia" msiruke. Sheria ya fidia ya kuumia kazini ya 2007 inamhesabu mwanagenzi kama mfanyakazi, kwa hivyo hilo si hisani. Na mjue karatasi hii ni makubaliano yenu tu, uanagenzi rasmi wenyewe unaandikishwa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwanda, na huo kawaida unapatikana kwa kampuni, si kwa fundi wa ufuoni. Ukipata kampuni inayochukua wanagenzi kupitia NITA, chukua mbio, hata kama ni Mombasa.

Mambo mawili ya kukataa: fundi anayetaka ada kubwa yote mbele, na fundi asiyetaka kuandika ile barua ya mwisho.

## Hatua ya 4: Daftari na picha, kila wiki

Hii hatua ndogo lakini ndio inayookoa watu baadaye. Kila Alhamisi jioni andika: tarehe, kazi gani, vifaa gani, nini kiliharibika, nani alikusimamia. Piga picha kabla na baada, mikono yako ionekane, si selfi. Zitume kwa imeli yako mwenyewe, simu huingia maji hapa kila siku.

Sababu ni hii. Kozi za chuo za siku hizi, zile za umahiri, unapimwa kwa ushahidi wa kazi ulizofanya, na majibu si gredi ya A au B, ni umeiweza au bado hujaiweza. Na kuna ule mpango wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunza nje ya darasa, KNQA, mamlaka ya kitaifa ya vyeti na sifa za masomo, ndio wasimamizi, ambapo mtu apimwa na kupewa cheti bila kukaa darasani upya. Kote huko wanakuuliza ushahidi. Yule kijana wa boti niliyemtaja juu angekuwa na daftari, safari yake ingekuwa nusu.

## Hatua ya 5: Jua ngazi yako kabla hujachagua chuo

Kwa walio 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa masomo, na wamemaliza fomu foo:

- Atizani, ngazi ya 4: gredi yoyote ya KCSE inaingia. Ndio, hata E.
- Krafti, ngazi ya 5: D yenyewe kwenda juu, si D-.
- Diploma, ngazi ya 6: C- kwenda juu.

Kuingia chini si aibu, unapanda. Mtu aingia na E atizani, amaliza, aingia krafti, aenda diploma. Inachukua muda lakini ngazi zimeungana.

Halafu aina za vyuo. Vituo vya ufundi vya kaunti, vile wazee bado huviita "politekniki" za kijiji, viko chini ya kaunti tangu katiba ya 2010, ada ni nafuu, karibu na nyumbani, na vinachukua hata aliyeishia la nane. Vyuo vya ufundi vya serikali kuu ndio vya krafti na diploma. Juu yake ni politekniki za kitaifa, ya kwetu Pwani ni Kenya Coast National Polytechnic, Mombasa. Ukitaka mambo ya meli na bandari kuna Bandari Maritime Academy, pia Mombasa.

Wa gredi ya 10, nyinyi mnaanza mapema zaidi. Kwenye njia ya STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu, kuna masomo ya kiufundi: mbao, vyuma, stima, ujenzi, mitambo, na lipo moja la teknolojia ya bahari na uvuvi ambalo mtoto wa Lamu kuliwacha ni kama kumpa mgongo mtu anayekupa chakula. Lakini shule lazima iwe na mwalimu na karakana. Nenda ukaione kwa macho, uulize "karakana iko wapi?" Wakikupeleka stoo yenye madawati yaliyovunjika, umejibiwa.

## Hatua ya 6: Hakikisha chuo kabla hujatoa hata shilingi

Hapa ndipo pesa zinapopotelea. Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Ingia tovuti ya TVETA, hao ndio wanaosajili vyuo vya ufundi, utafute jina la chuo. Jina lenyewe, si linalofanana. Kuna vyuo vinajiita karibu sawa na vya serikali.
2. Angalia kozi. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kweli lakini kwa kozi tatu tu, na wewe umeuziwa ya nne.
3. Uliza ni nani anatoa cheti cha mwisho: TVET CDACC (baraza la kozi za umahiri), KNEC (baraza la mitihani la taifa), NITA, au "sisi wenyewe". Wakisema wao wenyewe, rudi nyumbani.
4. Nenda siku ya kazi, si siku ya maonyesho. Ingia karakana. Hesabu mashine zinazofanya kazi na watu wanaozishika. Uliza mwanafunzi, si mwalimu, "Mara ya mwisho kushika hii lini?"
5. Malipo yawe kwa akaunti ya chuo au eCitizen. Chuo cha serikali hakilipwi kwa namba ya mtu binafsi, hata kama huyo mtu ana kofia ya chuo na anakuita "mwanangu".

Nishaona familia moja ililipa mwaka mzima kwa chuo fulani cha bara, mtoto akarudi na karatasi nzuri yenye stika ya dhahabu, na hakuna ofisi iliyoitambua. Kuangalia tovuti pale kwangu kungechukua dakika kumi.

## Hatua ya 7: Omba, na tafuta pesa

Vyuo vya serikali kuu unaomba kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo. Kwa ufundi hakuna kungoja mwaka mzima kama yunivasiti, huwa kuna kuingia Januari, Mei na Septemba. Jaza wewe mwenyewe, mtu wa saiba akusaidie tu, na usitoke mpaka uione imeandikwa imepokelewa. Printi.

Ukishapewa nafasi omba HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, sio wa yunivasiti peke yao, wa ufundi pia wamo. Sambamba omba basari ya kaunti kwa ofisi ya wadi na ya CDF, ile hazina ya maendeleo ya eneobunge, kwa ofisi ya mbunge. Zote tatu kwa pamoja, usingoje moja ikatae. Fomu za wadi huwa zinataka saini ya chifu au mzee wa mtaa, sasa mzee asitafutwe siku ya mwisho akiwa msikitini.

## Hatua ya 8: Atachimenti, mafunzo ya kazini yanayotakiwa na chuo

Chuo kitakupa barua, daftari la kumbukumbu na bima. Bila bima usiingie popote. Peleka barua miezi miwili kabla, na rudi kwa yule fundi wako wa hatua ya 2 umuulize anajua nani. Hapa Lamu barua husomwa na jina ndilo hufungua mlango. Kama kwa fundi wako ulifanya kazi ya mkono, sasa tafuta mahali pakubwa zaidi, penye msimamizi mwenye cheti, ili uone kazi ikifanywa kwa utaratibu wa kampuni, na saini kwa daftari iwe ya mtu anayetambulika.

## Hatua ya 9: Mtihani wa NITA na leseni

Hata kama hukwenda chuo kabisa, mtihani wa ufundi wa serikali unaweza kuufanya. Uko wa gredi III, kisha II, kisha I ndio ya juu. Anza na III. Jiandikishe kwa kituo kinachofanyisha kazi yako, kama hapa karibu hakipo utauliza NITA Mombasa, na ulizia mapema manake unafanyika kwa misimu na dirisha likifungwa limefungwa.

Siku yenyewe unapewa mchoro au kazi na muda. Wanaofeli wengi si kwa kutojua kazi, ni kwa kutosoma vipimo, hapa tumezoea kukadiria kwa jicho. Mwezi mzima kabla ya mtihani fanya kila kitu kwa tepu na rula, hata kikiwa ni kibanda cha kuku. Beba vifaa vyako ulivyovizoea, kitambulisho, na vile viatu vya kufunika vidole.

Mwisho angalia kama kazi yako inataka leseni juu ya cheti. Stima na sola ni EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, bila leseni yao huruhusiwi kufunga waya za nyumba ya mtu peke yako. Mafundi wa ujenzi wanaandikishwa NCA, mamlaka ya taifa ya ujenzi. Kuendesha boti ya abiria ni cheti cha nahodha kinachotambuliwa na Kenya Maritime Authority, na hilo usidanganywe na anayekuambia "sisi tumezaliwa baharini".

Setifiketi ikitoka kaichukue mwenyewe, soma jina herufi kwa herufi lifanane na la kitambulisho kabla hujatoka mlangoni, manake kurekebisha Mohamed na Muhammad baadaye ni safari nyingine ya Mombasa. Kisha skani, tuma kwa imeli yako, na kopi moja mpelekee fundi wako aibandike ukutani.